Wapishe, Jua Linazama

Mwezi huu tunaziacha kidogo habari za meseji zisizojibiwa na mama wakwe wasiotaka kuondoka, tunakwenda kwenye gofu. Usifunge ukurasa! Najua wapo watakaosema gofu ni mchezo wa vigogo na wastaafu wenye vitambi. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi ingia Lugalo Jumamosi mchana, kwenye ule uwanja wa jeshi pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, uone vijana wa benki, wa kampuni za simu na wanasheria wanavyoshusha mabegi kwenye buti za magari. Na wengi hawaji peke yao. Huyu kaja na mchumba, yule kaja na mke, mwingine kaja na msichana ambaye ndiyo kwanza wanatoka mara ya pili. Kwa ninyi mliohamia Tegeta, Bunju, Mapinga mpaka Kerege, uwanja huo ndio ulio njiani. Watu wa mjini wana Gymkhana yao.

Sitawafundisha kushika fimbo, mimi si kocha. Nataka tuzungumze jambo moja linalovunja urafiki uwanjani na kusafirisha ugomvi mpaka nyumbani: kuchelewesha watu.

Kwa asiyecheza, nieleze kidogo. Uwanja kamili una mashimo 18. Watu wanatoka kwa makundi, mara nyingi wanne wanne, kundi moja nyuma ya lingine, na hakuna njia ya pembeni. Mkiwa wa polepole ninyi, basi aliye nyuma yenu naye ni wa polepole, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena, mpaka yule kaka wa watu aliyemwomba mkewe ruhusa ya "masaa manne tu, mama nanihii". Kundi la watu wanne linalokwenda vizuri linamaliza kwa masaa manne hivi, manne na nusu siku yenye watu wengi. Kundi la wapiga stori linafika masaa matano na kitu. Kwa joto letu la Februari hiyo ni adhabu, si burudani.

Ukiwauliza wanakujibu nini? "Haraka haraka haina baraka." Jamani! Sisi watu wa pwani methali hiyo tumeigeuza kitambulisho. Fundi hajamaliza kabati lako, haraka haraka haina baraka. Bwana harusi kafika ukumbini saa nne usiku, haraka haraka haina baraka. Polepole yako haina ubaya pale unapotumia muda wako mwenyewe. Ukiwa na makundi matano nyuma yako unatumia muda wa watu ishirini, na hakuna hata mmoja aliyekupa.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne. Wachezaji wa kawaida kama sisi tunapiga mikwaju tisini, mia, wakati mwingine hatusemi mingapi. Tuchukue tisini. Mko wanne, hiyo ni mikwaju 360. Kila mtu akiongeza sekunde 20 tu kwa kila mkwaju, kujaribu mara moja zaidi, kubadilisha fimbo, kumalizia kisa cha bosi wa zamani, mnapata sekunde 7,200. Masaa mawili kamili! Najua sekunde nyingine zinaingiliana, mmoja anajiandaa wakati mwenzake anapiga. Haya, kata nusu. Bado mmewaibia watu saa nzima, na hakuna kati yenu anayejiona kuwa mchelewaji, maana kila mmoja alitumia sekunde zake ishirini tu.

Na sisi huku saa hiyo hatuna. Kule Uskochi, mchezo huu ulikokulia, mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku. Mtu anatoka kazini, anakula, anavaa viatu na bado anamaliza mashimo yake 18. Dar es Salaam mwezi huohuo wa Juni jua linazama saa kumi na mbili na robo jioni hivi. Februari ndiyo linajikongoja mpaka saa moja kasoro dakika kumi. Tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo likizama limezama, baada ya dakika ishirini huoni mpira wako. Anayeanza saa nane mchana mwezi wa Juni ana masaa manne na robo ya mwanga, basi. Mkimtangulia na stori zenu, anaishia shimo la 15 au la 16. Alilipa ada kamili, alimlipa kedi, alimdanganya bosi wake kidogo, halafu anarudi kwenye gari gizani mashimo mawili matatu hayajachezwa. Ndiyo maana anakuangalia vile pale baa. Hajakuchukia bure.

Nimemtaja kedi, yule kijana anayekubebea begi. Analipwa kwa mzunguko, halipwi kwa saa. Mzunguko wa asubuhi ukiisha mapema, anapata begi la mchana. Mkimshikilia mpaka saa nane, begi la pili limekwenda na pesa ya siku imepungua. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianzia hapohapo, kubeba mabegi ya wengine. Mchezo wanaujua kuliko wewe na mimi. Kedi akikwambia kwa upole, "Bosi, tusogee kidogo," usimjibu kwa kumuuliza nani kamwajiri.

Tuwe wakweli pia: si kila foleni ni kosa la mchezaji. Yapo mashimo mafupi, yale ya kupiga mkwaju mmoja ukafika kwenye grini, yale majani yaliyonyolewa kabisa yenye bendera. Kwenye shimo refu makundi mawili yanaweza kuwamo kwa wakati mmoja, la kwanza likiwa kule kwenye bendera na la pili linaanza. Kwenye shimo fupi haiwezekani, lazima wa mbele wamalize ndipo wa nyuma wapige. Kwa hiyo uongozi ukiwaachia watu kila baada ya dakika saba, na shimo fupi linataka dakika kumi, foleni itajaa pale hata kama wote ni malaika. Ni kama Mwenge saa kumi na mbili jioni, kupiga honi hakusaidii. Kinachosaidia ni desturi moja nzuri sana: mkishafika wote kwenye grini, mnasimama pembeni na kuwapungia mkono walio nyuma wapige mipira yao, kisha ninyi mnamalizia wakati wao wanatembea. Dakika kadhaa zinaokolewa, na watu mnasalimiana.

Hapo ndipo tunafika kwenye neno lenyewe, kupisha. Mtu wa pwani asijifanye halijui neno hilo. Njia ya kwenda Bagamoyo ilikuwa na sheria zake za kupishana kabla hata ya lami. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilishuka kutoka bara kwa mstari mmoja, mtu nyuma ya mtu, kwenye kijia chembamba, na mbele yao alikuwa kirangozi, kiongozi wa njia. Richard Burton, Mwingereza aliyeanza safari Kaole mwaka 1857, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba mpagazi aliyethubutu kumtangulia kirangozi alinyang'anywa mshale mmoja. Na misafara miwili ikikutana, viongozi wake walisogeleana kwa madaha kama wachezaji ngoma, halafu wakagongana vichwa kama kondoo dume! Wapagazi nao wakafuata, vurugu tupu, na kama hakukuwa na kinyongo yote yaliishia kwenye kicheko. Msafara dhaifu ndio uliopisha, tena kwa kutoa kazawadi.

Kwenye gofu hakuna kugongana vichwa, ingawa nimeona siku ilikuwa karibu. Anayepisha ni aliye wa polepole. Utajuaje kama ni wewe? Usiangalie nyuma, angalia mbele. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anasema, "Mbona hawa wa nyuma hawajatufikia?" Kazi yako si kuwakimbia walio nyuma, ni kumfuata aliye mbele. Kama shimo lote lililo mbele yenu ni tupu, na nyuma kuna watu wameegemea fimbo, basi ni ninyi. Simameni pembeni, pungeni mkono, wapite, semeni "karibuni". Dakika tano zimekwisha na hamjapungukiwa na kitu. Lakini kama walio mbele yenu nao wamesubiri, na mbele yao wamesubiri, aliye nyuma anayewapigia makelele anataka apite aende wapi? Huyo mwacheni na presha zake.

Na wewe wa nyuma, adabu. Kumpigia mtu mpira karibu na miguu ili asogee ni ushenzi. Mpira uliopigwa vizuri unaondoka kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, unaweza kumtoa mtu jicho. Subiri wakiwa wanaanza shimo, sogea, vua kofia kama ni watu wazima: "Shikamoo wazee. Samahani, mbele yenu pako wazi, mngeturuhusu tupite?" Sijawahi kumwona mzee wa Kitanzania anayekataa baada ya shikamoo.

Ngumu zaidi ni pale mchelewaji akiwa bosi wako. Umealikwa na mkurugenzi, unataka kupandishwa cheo, na yeye anapima kila mkwaju kama anapima kiwanja cha Mapinga. Utamwambia aharakishe? Hata kidogo. Msingizie wa nyuma. "Mzee, hawa vijana wanaonekana wana haraka zao, tuwapishe tucheze kwa raha?" Bosi anajiona mkarimu, vijana wanapita, na mshahara wako uko salama.

Sasa tuje kwetu, wapenzi.

Kuna picha nimeiona mara nyingi mno kwenye viwanja tofauti, na sitaki kumnyooshea kidole mtu. Dada ana miezi mitatu tangu aanze kucheza. Mwenzake ana miaka sita na handikapu yake anaitaja kabla ya jina lake. Dada anasimama kwenye mpira, na mwalimu anasimama nyuma. "Kichwa chini! Goti! Mkono wa kushoto unyooke! Usikaze!" Mwili mmoja, amri nne. Anapiga, mpira unakwenda mita mbili. "Rudia." Anarudia. "Si nimekwambia kichwa?" Nyuma yao watu wanne wamesimama, mmoja ameshakaa kwenye begi.

Nani anawaona wale wanne? Dada. Kila anapoinua fimbo anawaona kwa pembe ya jicho na mikono inamtetemeka. Mwalimu hawaoni kabisa, yuko kazini. Halafu wakirudi kwenye gari kimya kinatoka Lugalo mpaka Tegeta, na jamaa anashangaa, "Sasa nimekosa nini? Si nilikuwa namsaidia?"

Shemeji, naomba unisikilize. Mgeni wa mchezo hachelewi kwa sababu hajui kupiga. Asiyejua anaweza kwenda haraka sana: anapiga, hausogei, anauokota, anatembea, anauweka pale ulipo wako, mnaendelea. Anachelewa kwa sababu amegeuzwa darasa mbele za watu. Masomo yana mahali pake, pale kwenye uwanja wa mazoezi, ndoo ya mipira pembeni, hakuna anayesubiri. Tena ikiwezekana afundishwe na mwalimu mwingine kabisa. Wangapi mlifundishwa kuendesha gari na waume zenu mkamaliza bila machozi?

Na wewe mwenzangu, usisubiri akuokoe. Kuokota mpira si aibu. Mnacheza kwa ajili ya kufurahi, hakuna kombe. Mikwaju ikifika minane, tisa, na bendera bado iko mbali, chukua mpira wako mfukoni, tembea ukiwa umenyooka, kashike bendera wenzio wamalizie. Zipo hata aina za mashindano, kama ile ya kuhesabu pointi, ambazo ukishakosa pointi kwenye shimo kuokota ndiyo akili. Kuna wanawake wanaojifunza gofu mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hilo linaruhusiwa.

Kingine, shemeji, shuka kule nyuma. Kila shimo lina sehemu kadhaa za kuanzia, za nyuma kabisa zikiwa za mabingwa. Wewe si bingwa. Unaanzia huko kwa sababu unamwonyesha mchumba ubavu, halafu mpira unaingia kwenye majani marefu na msafara mzima unageuka timu ya utafutaji. Sheria za gofu zilizoanza kutumika mwaka 2019 zimepunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika tano hadi tatu. Ukihisi umepotea, tangaza na upige mwingine wa akiba palepale kabla hujaondoka, usije ukarudi mita 200 kwa miguu huku watu wanakuangalia. Sheria hizohizo zinashauri kila mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40, na zinaruhusu kusukumia mpira shimoni bendera ikiwa imesimama. Kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju zinahimiza pia aliye tayari apige kwanza, badala ya wote kumsubiri aliye mbali zaidi anayeongea na simu.

Ah, simu! Mtu anapokea katikati ya uwanja, "Niko kwenye kikao," mkono kiunoni, kikao chenyewe kinasubiriwa na watu ishirini.

Msidhani ni sisi tu. Aprili 2013 kwenye mashindano ya Masters kule Marekani, mtoto wa Kichina wa miaka 14, Guan Tianlang, aliongezewa mkwaju mmoja kwa kuchelewa, na bado akafuzu kucheza siku mbili za mwisho. Mwaka 2023 Mhispania Carlota Ciganda aliongezewa mikwaju miwili kwa kosa hilohilo kwenye mashindano ya Evian, Ufaransa. Akakataa kuiandika kwenye kadi yake, wakamtoa mashindanoni kabisa. Tangu Machi 2025 ligi ya wanawake ya Marekani, LPGA, inahesabu kwa sekunde: mchezaji aliyewekewa saa akizidisha sekunde moja hadi tano analipa faini, sita hadi 15 anaongezewa mkwaju mmoja, 16 na kuendelea miwili. Hao wanacheza kwa ajili ya pesa nzito. Wewe unacheza kwa ajili ya soda na mishkaki.

Kuna mtu atasema nawaharibia raha, kwamba wapendanao wanataka kutembea taratibu, washikane mikono, wapige picha. Shikaneni! Mkwaju wenyewe unatakiwa uwe wa taratibu, kila mwalimu atakwambia hivyo. Kinachotakiwa kuwa na kasi ni miguu kati ya mkwaju na mkwaju, na akili ya kuchagua fimbo ukiwa bado unatembea. Kitoroli kiache upande wa kutokea, usikiache mbele ya grini ukakirudia. Alama andikeni mkishafika mnakoanzia shimo linalofuata, si pale kwenye bendera mkihesabu vidole huku wenzenu wanawaangalia.

Na kama kweli mnataka jioni ya wawili, nani kawaambia lazima 18? Chezeni tisa. Zanzibar, kule Mangapwani, upo uwanja ambao mzima una mashimo tisa tu, na hakuna aliyekufa. Uliza klabuni siku gani za katikati ya wiki kuna nafasi, maana Jumamosi watu wawili mkibanwa kati ya makundi ya wanne hamna pa kwenda. Anzeni saa kumi kamili jioni, mkiwa wawili mnaweza kumaliza ndani ya masaa mawili bila kukimbizana. Simu mwachieni kedi kwenye begi. Shemeji, kwa mashimo yote tisa umepewa sentensi moja tu ya ushauri, chagua vizuri utaitumia wapi. Na wakitokea watu nyuma yenu, wewe ndiye uwe wa kwanza kuinua mkono kabla yeye hajakuambia, kisha kaeni kwenye nyasi wapite. Ulitaka muda wa kumshika mkono, si ndio huo?